Bwana Falaki Walikuwa Wawili

Mgeni aliingia saluni akakuta wateja wawili wamesukwa nusu kichwa, akauliza kama hapo ndipo anapokaa Bwana Falaki. Msusi, mwenye saluni, alimjibu bila kuinua macho kwamba amekosea nyumba, labda ajaribu kwa fundi simu pale kona, yule anajuana na kila mtu. Mgeni hakuondoka. Alikuwa binti mwenye miwani na mkoba mzito begani, na viatu vyake vilionyesha ametembea sana siku hiyo.

"Ni mzee mmoja," akasema. "Zamani alikuwa akiandika hadithi za anga kwenye jarida. Watu wanaokwenda kwenye nyota, roboti, mambo kama hayo."

Kitana kilibaki kimening'inia kwenye nywele za mteja. "Huyo ni baba yangu," msusi akasema. "Lakini hapa mtaani wanamwita Mzee Roketi."

"Na si kwa heshima," mteja mmoja akadakia. Wakacheka wote, kisha wakaona haya, maana pazia la chumba cha pili lilikuwa wazi.

Nyuma ya pazia hilo ndiko mzee alikokuwa akikaa tangu kiharusi kilipomwangusha. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi, kikamwachia akili yake yote. Hilo la akili mkewe alilijua, binti yake alilijua siku zile asizokuwa na haraka, na watu wengine hawakulijua kabisa. Watu wakiona mtu hasemi hudhani hasikii pia. Majirani walikuwa wakiingia pale kuazima kiti, wakasimama mbele yake na kujadili kama atafika mwisho wa mwaka.

Mgeni akaingia, akainama. "Shikamoo, babu." Akaupokea mkono wa kushoto alionyooshewa. "Mimi ni mhariri, natoka kampuni ya vitabu. Nimekutafuta mpaka nimechoka. Tunatoa kitabu cha hadithi zako."

Mzee alimbana mkono yule binti kwa nguvu ambayo mkewe hakujua kama bado ipo. Nusu ya mdomo iliyobaki hai ikacheka. Tangu jarida lile lilipokufa, kabla hata msusi hajazaliwa, hakuna binadamu aliyewahi kuingia nyumba ile na kusema ameisoma hadithi yake hata moja. Alilingoja jambo hilo ujanani, akalingoja uzeeni, na mwishowe akaacha hata kusema kwamba analingoja. Sasa limekuja na miguu yake, na yeye hana ulimi wa kulikaribisha.

"Mimi nimekua na hadithi yako," mhariri akaendelea. "Mama yangu alikuwa nayo kwenye jarida lisilo na jalada. Ile ya mke anayekaa kwenye redio, anasubiri mumewe aseme kama amefika kwenye nyota. Sauti inachukua miaka na miaka njiani. Inapofika, yeye ameshakuwa bibi kizee. Inasema tu, 'Nimefika salama, usikeshe kunisubiri.' Babu, nililia mimi. Mpaka leo nikiisoma nalia."

Mke wa mzee, ambaye nyumbani hapo aliitwa Mama, alikuwa amesimama kando, akauona mkono wa mumewe ukilegea. Ulitoka taratibu kwenye kiganja cha mgeni, ukarudi mapajani pake.

Alijua kwa nini. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga taipu wa jarida lile, na kila neno lililochapwa humo lilipita kwanza mikononi mwake. Bwana Falaki walikuwa wawili. Mwenye jarida aliona wasomaji wanapenda kuzoea jina moja, akawavisha watu wawili jina hilohilo kama shati la kuazimana. Mmoja alikuwa mumewe, msahihishaji wa maandishi palepale ofisini. Wa pili alikuwa karani wa idara ya maji, mtu mkimya, mrefu wa kugonga kichwa milangoni, ambaye wote walimwita Mrefu, na ambaye alikufa zamani bila kuacha mke wala mtoto. Hadithi ya redio ilikuwa ya Mrefu. Enzi hizo ofisi nzima ilijua. Katika ofisi nzima sasa walikuwa wamebaki wawili, na mmoja wao hasemi.

"Mwanangu," Mama akaanza, "hiyo hadithi..."

Hakumaliza, kwa sababu msusi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya baba yake, mikono imejaa mafuta ya nywele, analia. Alipokuwa shule, watoto wenzake walikuwa wakimwimbia "mtoto wa roketi, lini mnaruka?" na siku moja alirudi nyumbani akamwambia baba yake bora angeuza vitunguu kama baba za wenzake, vitunguu angalau vinaliwa. Maneno hayo msusi hakuwahi kuyasahau.

"Nisamehe, Baba," msusi alikuwa akisema. "Nilikuwa naona haya. Haya ya nini sasa? Mimi mjinga kabisa." Wateja, vichwa nusu nusu, walikuwa wamesimama mlangoni wakipiga makofi. Yule aliyedakia mwanzo ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Mama akafumba mdomo. Nani angemlaumu? Binti hakuwahi kumshika baba yake hivyo tangu akiwa mdogo. Alijiambia atasema mgeni akirudi.

Mhariri alirudi siku ambayo saluni ilikuwa haina watu. Safari hii alikuja na habari njema tupu. Uzinduzi utafanyika ukumbi mkubwa, kuna mheshimiwa atakuja, na malipo ya mwandishi yatatosha kununua kiti cha magurudumu, kile cha maana, siyo kile cha kuazima kinachovuta upande mmoja. Msusi alikuwa ameshatangaza mtaa mzima. Hata fundi simu wa kona, mtu asiyesoma chochote zaidi ya ujumbe wa wateja wake, alikuwa ameuliza kitabu kitauzwa wapi.

Mama alimpa mgeni chai, akakaa kwenye ukingo wa kitanda karibu na mumewe. Alikuwa amepanga aanzie mbali.

"Katika hicho kitabu," akasema, "Treni ya Zuhura imo?"

Mhariri alitabasamu. "Treni ya Zuhura! Mama, unazikumbuka. Hapana, ile tuliiacha."

"Na Mashine ya Kuuza Mvua?"

"Hiyo pia."

"Roboti Mwenye Adabu, je?"

"Nikwambie ukweli, Mama?" Mhariri aliweka kikombe chini. Hakuwa na ubaya, hilo lazima lisemwe. Alikuwa anaongea kama mtu aliyeshakuwa wa nyumbani. "Zote za aina hiyo tuliziacha, zile za mitambo. Ni dhaifu. Kurasa mbili nzima anaeleza injini inavyozunguka, hakuna mtu aliyefungua mdomo bado. Na watu wenyewe wakifungua mdomo, ni kama wanasoma maelekezo ya pasi. Lakini hata mpishi mzuri ana siku yake ya kuunguza, au sio? Zile nzuri ni nzuri mno, ndiyo maana hizi zinanishangaza. Kama si jina lilelile, ningeapa kaandika mtu mwingine."

Alisema yote hayo mbele ya mzee, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema mbele ya kabati. Kisha akamgeukia, akampapasa bega na kumwambia, "Eti, babu?"

Mzee alikuwa akitazama ukuta. Jicho moja lilikuwa na maji, lakini jicho hilo tangu kiharusi lilikuwa na maji wakati wote, kwa hiyo hakuna aliyelijali isipokuwa Mama. Na Mama, ambaye ukweli wake ulikuwa umefika kwenye ncha ya ulimi, aliumeza. Siku ile ya kwanza kusema kungemharibia binti yake furaha tu. Leo kusema kulikuwa ni kumvua mumewe nguo mbele ya mgeni. Angesema nini? Kwamba huyo mtu mwingine ndiye huyu hapa, na hizo dhaifu ndizo zake?

Mgeni alipoondoka, Mama alimfuta mumewe jicho, akamfunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Mtoto yule hajui," akasema. "Usiyatie moyoni maneno yake."

Mzee kimya, ungedhani ana hiari.

"Mimi naona hivi, mume wangu. Jina lilikuwa lenu wote wawili. Mrefu hana mtu, hakuna atakayedhulumiwa. Ukikaa pale mbele wakakupigia makofi, unampokelea na mwenzako. Kuna ubaya gani?"

Mkono wa kushoto ukainuka. Ukapepea mara kadhaa, polepole, kwa namna ambayo hata mtoto mchanga angeelewa. Hapana.

"Na mwanao je? Unataka nimwambie nini? Ameshona nguo."

Mkono ukapepea tena.

Mama alimwona akikataa. Ndilo jambo ambalo baadaye halikumpa usingizi: hakuweza kusema hakuelewa. Siku ya uzinduzi ilipofika alimwogesha, akamvalisha suti ya zamani ambayo sasa ingetosha watu wawili, akamkaza mkanda mpaka tundu la mwisho.

Ukumbini mzee alibebwa na vijana wawili, mmoja kwapani na mwingine miguuni, na kiatu kimoja kikadondoka mlangoni mbele ya wapiga picha. Walimweka mstari wa mbele kwenye kochi laini ambalo lilimmeza. Aliyekaa nyuma aliona upara tu. Mheshimiwa alizungumza kwa kirefu kuhusu umuhimu wa sayansi kwa vijana, akamwita mzee "marehemu" mara moja kwa bahati mbaya, akajisahihisha, watu wakacheka. Mama naye alicheka kidogo, kwa adabu.

Kisha mwigizaji mmoja mwenye sauti nzito akaisoma hadithi ya redio. Aliisoma vizuri. Alipofika kwenye "usikeshe kunisubiri," ukumbi ulikuwa umetulia kiasi cha kusikia feni, na wanawake walikuwa wakitafuta vitambaa kwenye mikoba. Msusi, katika nguo yake mpya, alilia waziwazi na kujivunia machozi yake. Mzee pia alikuwa akilia, na wapiga picha walimsogelea kwa wingi, wakafurahi kuyapata hayo machozi.

Mhariri alikiinua kitabu juu watu wakione, akakishusha kwa mikono miwili mapajani pa mzee. Makofi yalilipuka. Mkono wa kushoto ukakisukuma. Kikaanguka sakafuni.

"Kimeteleza," mhariri akasema, akakiokota na kukiweka tena. Mzee akakisukuma tena, safari hii kwa nguvu kiasi kwamba kilimgonga mheshimiwa kwenye kiatu. Makofi yalipungua, yakawa ya mtu mmoja mmoja, yakaisha. Nyuma mtu alicheka. Mwingine akasema, "Masikini, akili nazo zimekwenda."

Msusi alisimama. Mtaa mzima ulikuwa pale, wateja wake wote, fundi simu. "Baba!" akasema kwa ukali, kama anamkemea mtoto. "Acha utoto! Hata siku moja tu, Baba! Siku moja tu usinitie aibu!" Akaokota kitabu, akaushika mkono wa baba yake na kuulazimisha juu ya jalada. Mzee alikuwa akivuta. Walivutana hivyo, baba na binti, mbele ya kamera, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Mama hakujua alifikaje kwenye kipaza sauti. Hakuwahi kukishika maishani.

"Mwacheni," akasema, na sauti yake ilimshtua ilivyorudi kutoka kuta zote. "Mwachie baba yako mkono. Hizi hadithi si zake. Ni za mwenzake, marehemu. Waliandika wawili kwa jina moja. Yeye hataki sifa za mtu. Alinikataza, nikamleta."

Alikuwa maskini wa mengi yule mzee, lakini mwizi hakuwa, na kwa kitambo kidogo ukumbi ulielewa hivyo. Mtu mmoja hata alianza kupiga makofi. Kama mambo yangeishia hapo yangekuwa afadhali. Lakini mheshimiwa, kwa nia njema kabisa, alikiomba kipaza sauti, akauliza, "Basi Mama, na zake yeye ni zipi? Tusomewe moja."

Mama alimtazama mhariri. Mhariri alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa umeiva, na ameinama kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mkoba. Alipekua mkoba ule kwa muda mrefu. Hakuwa na karatasi hata moja ya kusoma.

"Hazimo," Mama akasema.

Ndipo mshereheshaji akaomba muziki.

Walingoja teksi kwenye ngazi za nyuma. Watu walipita, wengine wakasalimia kwa kichwa, wengine wakakumbuka kitu upande wa pili. Mhariri alitoka, akapiga magoti mbele ya mzee, akasema, "Babu, siku ile nilisema maneno..." akashindwa kuendelea. Aliahidi kuzitazama tena zile nyingine. Kuhusu malipo, alimwambia Mama akiangalia chini, mkurugenzi ameona yasubiri kwanza mpaka ijulikane haki ni ya nani. Mama akasema haina neno. Kitu gani kingine angesema?

Nyumbani msusi hakufungua saluni. Alimkalisha baba yake kwenye kiti chake cha siku zote, akachuchumaa kumvua viatu. Alivua kimoja, akabaki amekishika.

"Ungeniambia, Mama."

"Ningekwambia."

"Nimemkemea mbele za watu. Kumbe yeye ndiye pekee aliyekuwa na haya mle ndani." Aliinamisha paji la uso kwenye goti la baba yake, lile goti lisilohisi kitu, na mzee akamwekea mkono wa kushoto kichwani. Walikaa hivyo. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka kwenye vioo vya saluni, na nje watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi.

"Kwa hiyo hata moja haimo," msusi akasema. "Kitabu kizima."

"Hata moja."

"Na majarida yetu yalioza na mvua kwenye ile nyumba ya kwanza." Akainua kichwa. "Zilikuwa nzuri, Mama? Za Baba?"

"Nzuri sana," Mama akajibu upesi.

"Basi nisimulie. Moja tu, ya kwake mwenyewe. Leo nataka kuisikia, yeye akiwepo."

Mzee alimgeukia mkewe. Mama aliuona uso huo, akauelewa: kitabu hakipo, jarida halipo, ulimi haupo, lakini yupo mtu mmoja duniani aliyezipitisha hadithi zake zote mikononi. Alikuwa akingoja, macho yote mawili, kama kijana aliyeleta kazi yake ya kwanza ofisini.

"Haya," Mama akasema, akajiweka sawa. "Hii inaitwa Treni ya Zuhura. Kulikuwa na dereva wa treni. Treni ya kwenda mbinguni, siyo hizi zetu. Sasa hiyo treni, injini yake ilikuwa... ilikuwa na magurudumu mengi, yanazunguka moja ndani ya lingine..." Akasita. "Injini kubwa sana. Baba yako aliieleza vizuri." Mzee aliitikia kwa hamu, kumtaka aendelee. "Basi wakafika. Na huko walikofika, siku moja ilikuwa ndefu kuliko umri wa mtu. Jua likichomoza asubuhi, waliokuwepo hawaishi mpaka litue. Kulikuwa na mama mmoja, akamwacha mwanawe mlangoni, akamwambia, 'Kaa hapa, nitarudi jioni.' Mtoto akakaa."

Sauti yake ilikuwa imepata njia. Maneno yalimjia mazima mazima, kwa mpangilio wake, hata hakuhitaji kuyatafuta. "Akakaa mpaka akaota ndevu. Waliopita wakamwambia, twende, mama yako harudi. Akasema, bado haijawa jioni. Akaoa palepale mlangoni, akazaa, akawaambia wanawe, msicheze mbali, bibi yenu anarudi jioni. Nywele zikawa nyeupe. Akatazama juu. Na jua, mwanangu, jua lilikuwa bado la alasiri."

Msusi alikuwa analia kimya, kiatu kifuani. Mama aliinua macho amtazame mumewe, na palepale akajua.

Mrefu alikuwa na mwandiko mbaya ajabu, kuku angeandika afadhali. Ofisi nzima hakuna aliyeuweza isipokuwa msahihishaji. Kwa hiyo kila Mrefu alipoleta hadithi, msahihishaji alivuta kiti karibu na mpiga taipu, akamsomea neno kwa neno, na humohumo katika kusomewa ndimo walimopendana. Zake mwenyewe aliziandika kwa mwandiko safi, akaziweka mezani na kuondoka. Zilipita vidoleni mwa Mama bila kupita masikioni. Maisha yake yote Mama alikuwa akizisikia hadithi za Bwana Falaki moyoni kwa sauti ya mumewe, na zote, kumbe zote, hata hii ya mtoto wa mlangoni, zilikuwa za Mrefu.

Akanyamaza katikati ya neno.

"Halafu?" msusi akasema. Hakuona kitu. "Mama, usikatize hapo. Mama yake alirudi?" Akamgeukia baba yake, akamshika uso kwa mikono miwili. "Baba, na wao wanasema dhaifu? Hii? Hii umeitoa wapi wewe? Ni yako kweli hii?"

Mzee alimtazama mkewe. Alimtazama kwa muda, bila hasira; Mama angetamani iwe hasira. Mdomo wake ulicheza kidogo upande ule ulio hai. Kisha akarudisha macho kwa binti yake, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ni yangu.

"Maliza, Mama," msusi akasema.

Mama akaimaliza.